Rafu ya Nyumba ya Kupanga

Ingieni nyumba nyingi za kupanga hapa Ngara mtaona vitabu vya shule chini ya kitanda, sufuria juu ya vitabu, na mtoto mdogo anachana daftari la dadake. Si uvivu, ni kukosa mahali. Wenzetu wa Lamu, katika zile nyumba za kale za mawe, walijenga zidaka ukutani kabisa wakapanga humo vyombo vya kaure mgeni avione. Sisi ukuta si wetu. Piga msumari mmoja tu, mwenye nyumba aanze hadithi ya diposti. Basi rafu yetu sharti isimame yenyewe bila kumwangukia mtu.

Tuseme unataka rafu ya futi 5 kwenda juu, yenye vibao vinne vya futi 2 na nusu. Mbao za saipresi za inchi 8 kwa 1 utahitaji futi 20: 10 za miguu miwili ya ubavuni, 10 za vibao. Ongeza futi 12 za inchi 2 kwa 1. Gikomba zipo, na kutoka Ngara ni mwendo wa miguu kupitia Kariokor. Chungulia kila ubao kwa jicho moja kutoka mwisho wake. Uliopinda mrudishie mwenyewe. Ulio mzito kupita wenzake bado una maji, utapindia kwenu.

Kwa nini vibao visiwe vya futi 5? Ukirefusha kibao mara mbili, nacho kimejaa vitabu mwanzo mpaka mwisho, kubonyea katikati hakuongezeki mara mbili, ni mara 16! Lakini kibao chenye unene mara mbili hubonyea sehemu moja tu ya nane.

Kata, piga randa, piga msasa. Kwa ndani ya miguu pigilia vipande vya 2 kwa 1, vibao vikalie hapo. Msumari ugonge ncha kwanza iwe butu, maana ncha kali huingia kama kabari na kupasua ubao.

Sasa sikilizeni vizuri. Rafu nyingi za nyumbani haziangushwi na uzito, huangushwa na kuyumba upande. Umbo la pembe nne hulala kama ganda la kiberiti ukilisukuma, hata ungetia misumari mia. Pembetatu hailali mpaka upande mmoja uvunjike. Kwa hivyo laza rafu kifudifudi, pima kutoka pembe hadi pembe, kushoto kwenda kulia, halafu zile pembe nyingine. Vipimo vikilingana, iko sawa. Hapo pigilia mgongoni ubao mmoja wa mshazari, kama futi 5 na inchi 7 (Pythagoras huyo huyo mnayemlalamikia). Ukitumia skrubu badala ya misumari ni bora zaidi, siku ya kuhama unaufungua.

Ukishaisimamisha, tia kadibodi iliyokunjwa chini ya miguu upande wa mbele, rafu iegemee ukuta kidogo. Kamusi na vitabu vizito viende chini kabisa. Vikombe vya wageni na picha ya babu viende juu, mkono wa mtoto usipofika.