Kitivo cha Uchumi na Mfugaji wa Kisaju

Tangu Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, kikiwa na vyuo vyake vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, somo la uchumi limekalia kiti cha mbele. Si ajabu. Nchi zilizokuwa zimetoka kwenye ukoloni zilihitaji watu wa kupanga bajeti na kujadiliana na wakopeshaji. Mwai Kibaki alifundisha uchumi Makerere kabla ya kuondoka mwaka 1960 kwenda kukitumikia chama cha KANU, na mwaka 2002 akachaguliwa kuwa rais wa Kenya. Ibrahim Lipumba, profesa wa uchumi wa Dar es Salaam, aligombea urais wa Tanzania mwaka 1995. Sisi wa isimu bado tunangoja zamu yetu.

Hata hivyo, heshima ya kitivo haipimwi kwa idadi ya wanasiasa kiliowalea. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo iliwatetea mafundi na wachuuzi ambao serikali iliwaona kuwa kero ya mji, ikaonyesha kwamba walikuwa wazalishaji. Wataalamu wakawaita sekta isiyo rasmi, yaani wakawataja kwa kile wasichokuwa nacho. Wananchi wenyewe walisema jua kali. Ilichukua miaka 20 jina hilo kuingia katika kichwa cha waraka wa bunge, ule wa 2 wa mwaka 1992. Hapo taaluma ilisikia lugha ya watu, ingawa kwa kuchelewa.

Sasa natupia macho barabara ya Namanga. Ukishaipita Kitengela unafika Kisaju, ambako malisho yamekatwakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100. Sheria ya mwaka 1968 ilizipa familia za wafugaji ranchi za pamoja. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1980, ranchi hizo za Kaputiei ziligawanywa kwa mtu mmoja mmoja, na mauzo yakafuata. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi ya Kitengela kwa kila ekari wasiyoizungushia ua, ili mifugo na wanyamapori wapite. Je, malipo hayo yanaweza kushindana na bei ya ploti? Mfugaji akiuza ekari 10, fedha zile zitadumu hadi ukame wa pili au zitaishia kwenye pikipiki? Hili ni swali la uchumi hasa. Kisaju haiko mbali na kumbi za mihadhara za Nairobi.

Wanafunzi huja, nakiri, na hojaji zao. Huuliza, huandika kwa Kiingereza, kisha tasnifu hulala maktabani. Mfugaji aliyejibu maswali hayo haoni hata ukurasa mmoja. Siku ya kuuza shamba, huwekewa mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza hichohicho, na anayemfafanulia ni dalali, ambaye kipato chake kinategemea mauzo yale.

Watatuambia kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hiyo imechakaa. Rasilimali ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kichwa cha mali. Wazungu nao walilipata neno lao la mtaji kutoka Kilatini, katika shina lenye maana ya kichwa, na Waingereza kutoka shina hilohilo wakapata jina la ng'ombe. Mmaasai anayehesabu utajiri wake kwa vichwa vya mifugo hahitaji kufundishwa dhana ya mtaji. Anachohitaji ni hesabu: ng'ombe akishuka bei wakati wa kiangazi na mahindi yakapanda, auze lini, na abaki na wangapi?

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Basi vitivo vya uchumi viweke sharti moja dogo: kila tasnifu iliyotafitiwa mashinani iwe na muhtasari wa kurasa tano kwa Kiswahili, na mwandishi wake aurudishe barazani, akausome mbele ya waliomjibu, wakiwamo kina mama, ambao ridhaa yao inapaswa kutafutwa kabla ardhi ya familia haijauzwa. Atakayeshindwa kueleza matokeo yake pale, msimamizi amrudishie kazi yake.