Ofisi Moshi mjini: mtaa upi unakufaa kabla hujalipa kodi ya mwaka

Ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio kutoka Kibosho, Uru, Marangu, Mwika na Rombo huuliza jambo moja kwa maneno tofauti: nina hela kidogo ya kahawa, au ya ng'ombe niliyeuza, nataka kufungua ofisi Moshi mjini, nipange wapi? Mmoja anataka kuuza pembejeo na dawa za mifugo. Mwingine anataka kutoa kopi na kuchapa barua, mwingine ni wakala wa bima, mwingine anapokea wageni wa kupanda mlima. Kuna na vikundi vya akina mama vinavyotafuta mahali pa kupokelea oda.

Biashara zinatofautiana, hatari ni ileile. Wenye nyumba wengi mjini wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anasubiri chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kwenye fremu nzuri kuna wanaodai kilemba juu yake. Ukikosea mtaa, hela imeshaondoka, na hakuna mwenye nyumba anayerudisha kodi kwa sababu wateja hawakuja. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo kuliko tunavyoweza hewani.

Mji wenyewe ulihama kufuata njia

Wazee wa Old Moshi wanalijua hili vizuri. Wajerumani walipoweka boma lao miaka ya 1890, waliliweka kule juu mlimani, na jina Moshi lilikuwa la huko. Reli kutoka Tanga ilipofika tambarare mwaka 1911, mambo yakageuka. Maduka, maghala na ofisi vikakua kuzunguka stesheni huku chini, jina likashuka pamoja navyo, na kule juu pakabaki kuitwa Moshi ya zamani. Hakuna aliyewalazimisha wafanyabiashara kushuka. Walifuata mahali mizigo na watu vinapopita.

KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1933, nacho kilikuwa na wanachama waliotapakaa mlima mzima, tangu Siha hadi Rombo. Ofisi zake zikakaa katikati ya mji. Mtu wa Machame na mtu wa Mwika hawapiti barabara moja, lakini wote wakishuka wanakutana mjini.

Swali la kwanza basi ni hili: mteja wako anatoka wapi, na anashukia wapi? Uzuri wa jengo utakuja baadaye.

Anayetoka Rombo, Mwika, Marangu na Himo anaingia kwa upande wa mashariki na kupita Kiboriloni. Wa Old Moshi pia wanashukia hapo. Anayetoka Machame, Masama na Bomang'ombe anaingia kwa barabara ya Arusha, upande wa magharibi. Wa Uru wanapita Rau. Wa Mabogini, wakulima wa mpunga, wanapandia upande wa Pasua. Karibu wote mwisho wao ni katikati, stendi na sokoni, kisha wanatawanyika kwa miguu.

Sasa piga hesabu kama mteja, usipige kama mwenye ofisi. Tuseme mama ametoka Uru kuja kutoa kopi ya cheti cha mtoto, kopi ya shilingi 200. Ofisi yako iko ndani ndani Shantytown, na bodaboda kutoka stendi ni shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Hawezi kutoa 4,000 kufuata huduma ya 200, hata ungekuwa na mashine mpya na kiti cha kukalia. Atatoa kopi kwenye kibanda cha kwanza anachokiona akishuka kwenye gari.

Katikati ya mji

Kuanzia Mnara wa Saa kwenda stendi, Soko Kuu, Double Road na mitaa inayoelekea stesheni ya reli, ndiko kwenye miguu mingi. Kwa mtu anayetegemea wapita njia (kopi, wakala wa fedha, vifaa vya simu, pembejeo) hakuna pa kushindana na hapo. Pembejeo zinafaa zaidi jirani na masoko, Mbuyuni kwa mfano, kwa sababu mkulima aliyeuza mzigo wake asubuhi ana hela mkononi na anataka kurudi na mbegu kabla gari halijajaa.

Lakini kodi ni kubwa, nafasi ni finyu, na pa kuegesha gari ni shida. Wengi wanapata chumba ghorofani kwa sababu ni nafuu kuliko chini. Kwa wakili au mhasibu ghorofani si tatizo, kwani mteja wake amekuja kwa miadi. Kwa mtu anayehudumia wazee waliotoka mlimani na magoti yao, ngazi ni tatizo kubwa kuliko anavyodhani.

Kuna jambo moja kuhusu majengo ya katikati ambalo wageni hawalijui. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha mijini nchi nzima, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Kwa hiyo anayekuonyesha chumba kwenye jengo la zamani katikati ya mji huenda si mwenye nyumba hata kidogo. Huenda ni mpangaji wa NHC anayetaka kukupangisha juu kwa juu bila idhini ya shirika. Utalipa, utapaka rangi, utaweka mlango wa chuma, kisha siku moja atakuja ofisa na karatasi ambayo jina lako halimo. Kabla ya kutoa hata shilingi, nenda ofisi ya NHC hapa hapa Moshi uulize jengo hilo ni la nani na nani ana mkataba nalo. Kuuliza hakuna gharama.

Shantytown, Soweto, Pasua, Kiboriloni

Jina la Shantytown linachekesha, maana ni mtaa wa majumba makubwa, miti na barabara tulivu. Kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro zinapapenda, na kwao ni sawa. Mgeni wao ameagiza safari kwa intaneti akiwa kwao, anapokelewa uwanja wa ndege wa KIA, analala hotelini, na gari linamfuata. Haiji ofisini kwa kupita njia. Kampuni ya namna hiyo inahitaji uwanja wa kupakia mahema na mitungi ya gesi alfajiri, stoo isiyovuja, na mahali wapagazi watakaa wakisubiri bila kufukuzwa na majirani. Fremu ya sokoni haiwezi kuwapa hayo.

Tahadhari yake ni kwamba nyumba nyingi za huko zimejengwa kwenye viwanja vya makazi. Kuzigeuza ofisi kunahitaji kibali cha kubadili matumizi ya ardhi, na mambo hayo yanasimamiwa kwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Muulize mwenye nyumba kama anacho. Akisema "huku wote wanafanya hivyo", hajajibu swali. Nenda idara ya mipango miji Manispaa na namba ya kiwanja.

Soweto, upande wa barabara ya Arusha, panafaa kwa ofisi inayohudumia watu wanaoishi mjini na wenye magari. Pasua na Majengo kuna watu wengi, kodi ni nafuu, na kila mtu anamjua jirani yake. Fundi, saluni, wakala wa fedha na duka la dawa wanaishi vizuri pale, lakini anayetafuta wateja wa kutoka mlimani atawasubiri sana.

Kiboriloni sisi tunaona haithaminiwi inavyostahili. Wengi wanaijua kwa mitumba tu. Lakini ukihudumia watu wa Old Moshi, Marangu na Rombo, mteja anashuka kwenye gari na kukuona, hana haja ya kufika katikati na kurudi. Angalia tu mpaka. Ukisogea mbele kwenye barabara hiyohiyo unatoka Manispaa ya Moshi na kuingia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, na leseni inaombwa kwa halmashauri ambayo ofisi imo. Ada nazo hutofautiana kati ya manispaa na wilaya. Mtendaji wa mtaa au wa kijiji atakuambia uko upande gani.

Wapo pia ambao hawahitaji kuja Moshi kabisa. Kama wateja wako ni wa Marangu, Mwika na Rombo, au wanaovuka mpaka wa Holili kwenda Taveta, Himo ndiyo njia panda yao.

Hesabu ambayo haimo kwenye kodi

Chukua mfano wa chumba cha shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,400,000. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa na sheria kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, yaani 240,000. Hii inaitwa kodi ya zuio, na ni kodi ya mwenye nyumba. Wewe unaikata tu kwenye hela yake, unaipeleka, unampa uthibitisho. Ugomvi unaanzia hapo, kwa sababu wenye nyumba wengi wanasema "mimi nataka yangu kamili." Ukikubali bila kufikiri, 240,000 inatoka mfukoni mwako, na usipoipeleka, TRA itakutafuta wewe. Lizungumzeni kabla ya kusaini na liandikwe kwenye mkataba. Mkataba wenyewe una ushuru wa stempu wa asilimia 1, hapa ni 24,000.

Kisha ulizia ada ya bango kabla hujamlipa mchoraji, na ukaguzi wa Zimamoto. Ulizia LUKU: mita ni yako peke yako, au mnachangia na fundi wa kuchomelea wa chumba cha pili? Ulizia deni la maji MUWSA, kwa jina la nani na ni kiasi gani. Ulizia choo. Watu wanaona aibu kuuliza choo, halafu mwaka mzima wanaomba funguo hotelini.

Leseni ya biashara utaiomba kwa mfumo wa Tausi, hata kwa simu. Uwe na TIN, hati ya TRA kwamba huna deni la kodi, kitambulisho cha taifa na mkataba wa pango. Angalia mpangilio huo vizuri: mkataba unatangulia leseni. Ukishalipa mahali ambapo leseni ya biashara yako haiwezi kutolewa, umeshafungwa. Na leseni inaandikwa kwa mahali biashara ilipo. Ofisi mbili, leseni mbili.

Kaa hapo kwanza

Dalali atakupeleka kuona chumba saa anayoitaka yeye. Rudi peke yako. Kaa kwenye kibanda cha chai jirani asubuhi ya siku ya kazi, saa mbili hadi saa nne, uhesabu wanaopita na uangalie wamebeba nini. Rudi tena jioni. Muulize muuza chai chumba hicho alikuwemo nani na kwa nini aliondoka. Jibu lake lina thamani kuliko maelezo yote ya dalali.

Usihesabu watu mwezi wa Desemba. Sote tunajua mji huu unavyofurika Wachaga wakirudi nyumbani kwa sikukuu, magari ya Dar es Salaam na Arusha yamejaa hadi Marangu. Mtaa unaoonekana wa dhahabu tarehe 23 Desemba huenda Februari ukawa kimya. Ukiweza, uone pia wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ujue maji ya mvua yanapita wapi. Kama huwezi kusubiri, angalia alama za maji kwenye kuta na kimo cha kizingiti cha mlango.

Ukishapata chumba, omba kwa mtendaji wa mtaa namba ya jengo na jina la barabara. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi ina vibao. Iweke ofisi kwenye ramani ya simu pia, maana mteja wa Rombo anayepiga simu kuuliza "uko wapi" anataka jibu fupi.

Jambo la mwisho ni stendi. Ujenzi wa stendi mpya pale Ngangamfumuni umezungumzwa kwa muda mrefu, na mabasi ya mbali yakihamia huko, sehemu ya miguu ya katikati itahama nayo, kama ilivyohama wakati wa reli. Kwa anayetegemea abiria wa stendi ya sasa, tungesaini mkataba wa mwaka mmoja wenye haki ya kuongeza, si wa miaka mitatu. Na kabla ya kusaini, apite Manispaa kuulizia ujenzi umefika wapi.