Sauti za Wazee Zisipunjwe

Siku hizi ni nadra kufanyika ngoma, harusi au mkutano katika Mamboya, Magubike au Berega bila simu kuinuliwa juu ili kunasa sauti na picha. Jambo hilo ni jema. Tunawapongeza hasa wale vijana wanaokaa na wazee na kunasa hadithi, vitendawili na nyimbo za Kikaguru wakati wenyewe wangali hai. Hata hivyo, liko swali ambalo halina budi kuulizwa mapema: sauti hizo zinahifadhiwa kwa kipimo gani?

Historia ya Mamboya yenyewe inatosha kutuonyesha uzito wa swali hili. Katika miaka ya 1880 aliishi hapa mmisionari Mwingereza, J. T. Last, ambaye alijifunza Kikaguru na kuandika sarufi yake, ikachapishwa London mwaka 1886. Kitabu hicho kilitegemea sikio la mgeni na kalamu yake. Maneno ya wazee wa wakati ule tumebakiziwa. Namna walivyoyatamka, mahali walipovuta pumzi, walipocheka na walipokaza sauti, hayo yamezikwa pamoja nao. Kizazi cha leo kina chombo cha kunasia mfukoni, lakini kikitumika ovyo hasara itakuwa ile ile.

Sauti ikiingia katika simu hugeuzwa kuwa tarakimu. Kwa kipimo cha sahani za CD, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1982, wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila pimo huandikwa kwa biti 16. Ukihesabu njia zote mbili, ya kushoto na ya kulia, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde moja tu. Mzigo huo ulikuwa mkubwa mno kwa mitambo ya wakati ule, ndipo wataalamu wakatafuta namna ya kuubana. Njia iliyoenea kuliko zote ni MP3. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer, huko Erlangen, Ujerumani, na kanuni zake zilichapishwa mwaka 1993.

Ujanja wake umejengwa juu ya udhaifu wa sikio la binadamu. Ngoma kubwa inapolia, mnong'ono wa jirani hausikiki, kwa maana sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo. MP3 huitafuta sauti hiyo iliyofunikwa, ikaitupa, au ikaiandika kwa biti chache. Kwa kipimo cha kilobiti 128 kwa sekunde, kinachobaki ni kama sehemu moja kati ya kumi na moja ya ile ya CD, na kilichotupwa hakirudi. Hatuna ugomvi na mpango huo. Kwa muziki unaopigwa dukani au ndani ya basi la kwenda Morogoro, panapo ngurumo ya injini na kelele za abiria, unatosha na kuzidi.

Mambo hubadilika tunapofikia sauti ya mtu mmoja anayesimulia usiku, pasipo ala. Hapo hakuna cha kumfunika. Watafiti wa Erlangen walilijua hilo kwa taabu: Karlheinz Brandenburg, mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, alitumia wimbo "Tom's Diner" wa Mmarekani Suzanne Vega, ulioimbwa bila ala yoyote, kuujaribia mtambo wake, na hapo mwanzo sauti ya mwimbaji ilitoka imeharibika vibaya. Bendi nzima yaweza kuificha dosari ambayo bibi mmoja na hadithi yake wataianika. Manyanga nayo ni mtihani. Mlio wake ni wa ghafla, ilhali MP3 huikata sauti vipande vipande na kueneza dosari ndani ya kipande. Biti zikiwa haba, husikika mchakacho hafifu kabla ya pigo lenyewe.

Baya zaidi ni simu zinazorekodi kwa kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya maongezi ya simu tu. Kipimo hicho hupitisha takriban mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde, ilhali sikio changa husikia kuanzia 20 hadi karibu 20,000. Nguvu nyingi ya "s" na ya "f" iko juu ya mpaka huo. Ndiyo maana kwenye simu "sikia" na "fikia" huchanganywa, na mtu hulazimika kurudia jina lake mara tatu. Waliopita chuoni watatuelewa upesi: mwalimu hakukubali "sini" ichukue nafasi ya "swadi", wala "thaa" ichukue nafasi ya "sini", na aliyekosea alirudishwa mwanzo wa aya. Lugha inayorithishwa kwa mdomo yastahili ukali huo huo.

Kisha kuna kubana kilichokwisha kubanwa. Chukueni nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyeupatia mkoa wetu sifa akiwa na Morogoro Jazz, na aliyefariki mwaka 1979. Wimbo wake ulionaswa kwenye kanda ukahamia kaseti, ukageuzwa MP3, ukatiwa kwenye video, ukatolewa tena kuwa MP3, umepunjwa katika kila kituo. Wapo wanaodhani dawa ni kuligeuza faili la kilobiti 64 kuwa la kilobiti 320. Wakulima wa Kilosa na Gairo, wanaoijua vizuri lumbesa, hawatadanganyika: debe moja la mahindi likimiminwa ndani ya gunia kubwa hubaki debe moja.

Kwa hiyo ubora hausomwi kwenye namba ya faili peke yake. Hupimwa kwa sikio, tena sikio lisilojua linasikilizishwa kipi. Mtu mmoja apige faili la asili na lililobanwa kwa kupokezana bila mpangilio, mwingine aseme lipi ni lipi, mara kumi. Akipatia tano, anabahatisha; akipatia tisa, kweli anaisikia tofauti. Sauti zote mbili ziwe na ukubwa sawa, maana yenye nguvu zaidi hudhaniwa kuwa bora hata isipokuwa bora. Zitumike spika za masikioni, na sikio lielekezwe kwenye "s", kwenye makofi, na pale sauti inapofifia. Vijana washirikishwe, kwani sisi wenye umri masikio yetu yamekwisha kupoteza sauti za juu, na mtu hawezi kuhukumu asichokisikia.

Kisingizio cha nafasi hakina nguvu tena. Kadi ya gigabaiti 32 huchukua takriban saa 100 za msimulizi mmoja kwa kipimo cha CD, njia moja, bila kubanwa hata kidogo. Anayetaka kupunguza mzigo anayo FLAC, iliyotolewa mwaka 2001, ambayo mara nyingi huleta faili karibu na nusu bila kutupa biti hata moja. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, huwashauri wahifadhi wa kanda za zamani wasibane kwa kutupa, na wapime si chini ya mara 48,000 kwa sekunde kwa biti 24.

Twapendekeza kwamba kila anayewarekodi wazee wa Mamboya aweke simu yake kwenye WAV au FLAC, aisogeze karibu na msimulizi, mbali na upepo na kuku (hao hakuna kodeki itakayowaondoa), na aanze kwa kutaja jina la mzee, kijiji na tarehe. Nakala ya MP3 itengenezwe baadaye, hiyo ndiyo itumwe huku na huko. Ile ya asili iwekwe kwenye kadi mbili, moja kwa familia ya mzee na moja shuleni, na isifutwe hata simu ikijaa.