Kabla ya Kuvuka Maji: Kujipanga na Pesa ya Simu Ukienda Likizo Longech

Kila mwaka shule zikifungwa Ulaya na Marekani, kati ya Juni na Agosti, simu za huku nyumbani hazitulii. "Tumekata tiketi. Tunakuja na watoto wote." Nyanya anaanza kuhesabu siku, wajomba wanaulizana nani atawapokea Lodwar, na kuna mbuzi mmoja anaanza kuangaliwa kwa jicho lingine.

Sisi tunafurahia habari hizo. Lakini tunajua pia maswali yanayokuja na wageni: "Pesa iko kwa simu, mbona sipati pa kuitoa?" "Laini ya mama iko kwa jina la nani?" Leo tumechukua mfano wa familia inayoenda Longech. Ukijipanga vizuri kwa safari ya Longech, vijiji vingine havitakusumbua.

Njia yenyewe

Kutoka Nairobi unaweza kuruka hadi Lodwar, ama upite barabara ya Kitale, karibu kilomita 700. Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni kama kilomita 60 za jua na mchanga. Halafu unapanda mashua kuvuka Ghuba ya Ferguson. Longech ni ulimi wa mchanga kati ya ghuba hiyo na Ziwa Turkana, na watu wake wanaishi kwa samaki, hasa ngege na mbuta. Kumbuka pia kwamba maji ya ziwa yalipanda sana kuanzia miaka ya 2019 na 2020, na watu wengi wa ufuoni walilazimika kuhamisha nyumba. Kama uliondoka zamani, uliza kwanza. Huenda boma halipo pale uliposhikia kumbukumbu.

Noti za ajenti zinatoka wapi?

Hapa ndipo wageni wengi wanakwama. Ajenti ana mifuko miwili: noti alizo nazo mkononi, na floti iliyo kwa simu. Wewe ukitoa pesa, noti zake zinapungua. Mteja mwingine akiweka, noti zinarudi. Mjini haya hutokea siku nzima. Kwenye kijiji cha wavuvi, noti zinafuata samaki. Wavuvi wakiuza vizuri, ajenti ana pesa. Upepo ukichafua ziwa na mashua zisitoke, unaweza kumpata ameketi na elfu mbili au tatu tu.

Sasa tuseme hivi. Familia ya watu wanne imetoka Minneapolis. Usiku wa tatu, nyanya anashikwa na homa kali, anatakiwa afikishwe hospitali Lodwar. Binti yake ana shilingi 40,000 kwa simu. Ajenti wa karibu ana 3,000. Mwenye mashua anakubali kulipwa kwa simu, lakini hana mafuta, na muuza petroli anataka noti. Pesa ipo, mgonjwa yupo, mashua ipo, na bado hamjaondoka.

Huu ni mfano tu, lakini yeyote aliyeishi mbali na mji anaujua. Dawa yake inaandaliwa Lodwar, kabla ya kuvuka maji:

• Toa pesa ya matumizi ya siku mbili tatu ukiwa Lodwar, na uombe noti ndogo. Noti ya elfu moja kwenye kibanda cha kijijini inaweza kukosa chenji.

• Tenga kando pesa ya dharura: mafuta ya mashua kuvuka, na gari la kutoka Kalokol. Hiyo usiiguse hata soda zikiisha.

• Zinazobaki ziache kwa simu, uwe unamlipa moja kwa moja mwenye duka, dereva au hospitali pale wanapopokea. Si lazima kila shilingi igeuke noti ndio itumike. Na kutembea na bunda la pesa kwenye mashua si ujanja.

• Hifadhi namba ya mwenye mashua na ya dereva mapema. Ukilipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Si jina lake? Simamisha hapo hapo.

• Jaza chaji ya simu na ya betri ya akiba. Simu ikizima, pochi yako imefungwa.

Laini yako ya zamani

Wengi wanasafiri wakijua "bado niko na ile laini yangu." Hebu ijaribu kabla ya kupanda ndege. Laini isiyotumika kwa miezi mingi inaweza kufungwa, na namba hiyo baadaye kupewa mtu mwingine kabisa. Jamaa zako wakiendelea kuituma pesa, wanamtumia mtu wasiyemjua. Kama imefungwa, waambie wote waifute. Mgeni mwenye pasipoti ya nje anaweza kusajili laini mpya kwa pasipoti hiyo. Imalize kazi hiyo Nairobi, na PIN uwe nayo kabla ya kuelekea kaskazini.

"Mjomba, nimekwama airport"

Matapeli nao wanajua msimu wa wageni. Ukoo mzima ukishatangaza Facebook kwamba mnakuja tarehe fulani, ujumbe kama huu unaweza kufika: "Mjomba, ni mimi. Tumefika Nairobi, simu yangu imeibiwa, natumia ya dereva. Tuma 5,000 ya gari kwa hii namba." Mjomba ana haraka, ana mapenzi, anatuma.

Kubalianeni mapema: hakuna pesa inayotumwa kwa namba mpya kabla ya kuongea kwa sauti. Na mjomba aulize kitu ambacho hakiko mtandaoni. Nani alikufunza kuogelea? Yule mbuzi aliyekula kitabu chako alikuwa rangi gani? Mtoto wa boma atacheka na kujibu. Tapeli atakata simu.

Ukishatuma kimakosa, usisubiri mpaka kesho. Piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kabla pesa haijatolewa.

Na wanaoenda Kakuma?

Si wageni wote wa Turkana wanaishia ziwani. Kambi ya Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar, ilianza 1992, na watoto wake wengine leo wako Marekani, Kanada na Australia. Mwanamitindo Halima Aden, aliyezaliwa pale na kukulia Minnesota, alirudi 2018 kuhutubia kwenye jukwaa la TEDx kambini. Wakazi wa Kakuma ni wazoefu wa malipo ya simu: tangu 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwatumia sehemu ya msaada kupitia Bamba Chakula. Ukienda huko, sheria ni zile zile. Uliza tu mapema laini ya ndugu yako imesajiliwa kwa hati ya nani.

Zawadi ya kumwachia nyanya

Hili ndilo tungependa ubaki nalo. Wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, na PIN inajulikana na mjukuu, jirani na ajenti. Hakuna ubaya uliokusudiwa. Lakini mjukuu akihama au simu ikipotea, nyanya hawezi kuirudisha laini bila kitambulisho cha yule mwenye jina. Na pesa ikipungua, hakuna anayejua nani alitoa.

Mkiwa likizo mna muda, na mko pamoja. Mpelekeni akasajili laini kwa kitambulisho chake mwenyewe. Kabambe inatosha, haihitaji intaneti. Kama hasomi, mfundisheni PIN kwa mkao wa vidole kwenye vitufe, siku baada ya siku, hadi vidole vizoee. Msichague mwaka wa kuzaliwa. Na mwambieni wazi: ajenti anahitaji kitambulisho chako na namba ya simu. PIN haihitaji. Wala sisi hatuihitaji, hata mtu akipiga akisema anatoka kwetu.

Halafu, siku moja kabla hamjaondoka, mwacheni akutumie wewe shilingi 50, peke yake, bila mtu kumshika mkono. Akikosea, rudieni. Akiweza, mnaweza kupanda mashua mkijua kwamba mkimtumia pesa mwezi ujao, itafika kwake na atakayeitoa ni yeye.