Kabla ya kutuma diposti ya keja, soma hapa

Umeona bedsita mtaani Roysambu kwenye Facebook: vigae, WiFi, maji hayakatiki, kodi Sh4,000. Hiyo bei pekee yafaa kukushtua.

Ajenti atakwambia kuna watu watatu wanaing'ang'ania, kwa hivyo tuma Sh1,000 za kuonyeshwa nyumba. Ukituma, simu inazimwa. Hao bado ni wanafunzi. Wajanja wenyewe hukodi nyumba ya Airbnb siku mbili, wakakutembeza humo kama yao na kupokea diposti ya watu sita. Siku ya kuhama mnakutana getini, kila mtu na godoro lake.

Nenda mwenyewe, tena mchana. Keateka naye aweza kuwa ndani ya mchezo, hivyo ongea na wapangaji na mama mboga wa hapo chini (huyo hujua ploti nzima kuliko landilodi). Uliza kodi hulipwa kwa nani na kwa nambari ipi. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika. Lisipolingana na la kwenye mkataba, katiza hapo hapo. Ajenti akikosa kuonyesha cheti cha bodi inayosajili maajenti wa nyumba, achana naye.

Na kama pesa zimeshaenda? Tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla jamaa hajazitoa, halafu upige ripoti polisi upewe nambari ya OB.