Ujuzi Usio na Cheti: Ushauri wa Kazi kwa Watu Wazima wa Kigwena, Kwetu na Ughaibuni

Aghalabu mtu mzima aliyetoka mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, akiulizwa kazi yake katika ofisi ya ajira ya Ulaya au Marekani, hujibu kwa maneno mawili, «mvuvi tu» ama «mkulima tu», kisha akanyamaza. Na mtumishi wa ofisi, ambaye hajapata kuiona Rumonge wala Kigwena, huandika katika fomu yake kwamba mgeni huyu hana ujuzi, akampeleka kwenye kazi ya kwanza iliyo wazi, na mgeni akadumu humo miaka. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi huduma za ushauri wa kazi na mafunzo ya ufundi kwa watu wazima zinavyokwenda, ughaibuni na kwetu, na ndani ya maelezo hayo kutetea rai moja: kuwa ushauri hutangulia mafunzo, na kuwa mshauri mwema humwuliza mtu anachokijua kabla ya kumwuliza anachotaka kujifunza.

Watu wa mwambao

Kigwena iko kusini ya mji wa Rumonge, kwenye barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac, baina ya ziwa na michikichi, jirani na msitu wa hifadhi wenye jina hilohilo. Watu wake huishi kwa ndagala na mukeke, kwa mawese, mihogo na biashara ya majini. Na kwa kuwa ng'ambo ya pili ni Fizi, na kusini ni Kigoma na Ujiji, Kiswahili kimekaa nao pamoja na Kirundi tangu zama za misafara.

Mwambao huu ulikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuingia katika balaa la mwishoni mwa Aprili 1972, na maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania, wakapewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Miongo ikapita, zaidi ya 50,000 miongoni mwao wakarejea Burundi, na takriban 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania, vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014, ilhali kundi jingine la wakimbizi wa 1972, waliokuwa wakikaa kambini, lilianza kupelekwa Marekani mwaka 2007. Kisha ikaja fitina ya 2015, watu wakarundikana Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani, hata meli kongwe ya Liemba ikawachukua mpaka Kigoma. Na tangu Septemba 2017 zaidi ya watu 200,000 wamerudi Burundi kwa mpango wa hiari. Kwa hiyo ukoo mmoja wa Kigwena waweza leo kuwa na ndugu mmoja raia wa Tanzania huko Mishamo, wa pili mfanyakazi wa ghala Marekani, wa tatu mkazi wa Brussels, na wa nne aliyerudi nyumbani akakuta shamba la baba yake linalimwa na wengine. Na wote wanne, kila mmoja kwa lugha nyingine, huulizwa jambo moja, yaani wanaweza kufanya kazi gani, na nani atakayewashuhudia.

Kikao cha kwanza

Ushauri wa kazi ukifanywa ipasavyo huwa na daraja nne: kuutambua ujuzi, kuupima, kuujaliza pale ulipopungua, na kumwunganisha mwenyewe na mwajiri. Daraja ya kwanza ndiyo irukwayo kwa haraka, na kwa sababu hiyo ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

Tuchukue mfano wa mwanamume wa miaka 50 aliyefanya kazi ziwani tangu ujanani. Mshauri asiyejua ataandika «uvuvi», basi. Mshauri ajuaye atamwuliza, «Mzee, jioni mlitoka saa ngapi, na nani aliyeamua mwende wapi?» Ndipo itakapobainika kwamba mzee alikuwa nahodha wa mitumbwi miwili iliyoungwa kwa miti, wavu wa kuinua ukishushwa kati yake, na taa zikiangaza juu ya maji kuwavuta ndagala, kwamba taa hizo zamani zilikuwa karabai na sasa ni balbu za betri, naye amezitengeneza za namna zote mbili, kwamba mashine ya mtumbwi ikizimika mbali na pwani saa nane za usiku hapana fundi wa kuitwa, hivyo aliifungua na kuisafisha mwenyewe gizani, kwamba alfajiri aliuza samaki, akatoa gharama za mafuta, akagawa mafungu baina ya mwenye chombo na mabaharia, kila mtu akaondoka ameridhika, na kwamba siku za mbalamwezi, ndagala wasipofuata taa, aliwakusanya watu wake kushona nyavu na kuziba mitumbwi. Andika sasa hayo kwa lugha ya waajiri: matengenezo ya injini ndogo, ukaguzi wa vifaa, usimamizi wa zamu za usiku, hesabu za mauzo, usalama wa watu majini. Hapana neno la uongo humo, wala chumvi haikutiwa.

Au tumtazame mwanamke aliyekuwa akipika sabuni ya mawese. Huyu ajua kuyachuja mafuta, kupima soda kali kwa uzito, kuitia soda katika maji wala asimimine maji juu ya soda, kutotumia sufuria ya alumini kwa kuwa soda huila, kutambua kwa macho na kwa mwiko kwamba uji umekomaa, kisha kukata vipande, kuvianika na kuvisubiri wiki kadhaa kabla ya kuvipeleka sokoni. Vipimo, kemikali zenye hatari, usafi na ubora wa bidhaa ndivyo vifundishwavyo wiki za mwanzo katika viwanda vingi. Na kumwambia mtu huyu kwamba hana analolijua ghairi ya kufagia ni kumdhulumu yeye na kumkosesha mwajiri mtu mahiri.

Mlango wa vyeti

Ujuzi ukishatambuliwa hutafutiwa ushahidi. Ubelgiji, ambako Warundi wengi wamefanya maskani, mtafuta kazi hujiandikisha Actiris akikaa Brussels, VDAB akikaa Flanders, na Forem akikaa Wallonia, na huko hupangiwa mshauri wake. Lakini wachache hujua kwamba upande wa Kifaransa, kwa mujibu wa makubaliano ya 2003, vipo vituo vya kuthibitisha ujuzi ambavyo humpa mtu wa miaka 18 na zaidi mtihani wa vitendo bila malipo na bila kumdai shule aliyosoma. Akifaulu, hupewa hati ya ujuzi inayotambuliwa na serikali. Ufaransa nayo, kwa sheria ya 17 Januari 2002, ilimfungulia mfanyakazi njia ya kupata shahada kwa nguvu ya uzoefu wake.

Marekani mambo yalipangwa kwa mwendo mwingine. Sheria ya wakimbizi ya 1980 ilikusudia mgeni ajitegemee upesi, na msaada wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku 90 za mwanzo. Kwa muda huo mfupi si ajabu ushauri ukawa wa haraka na kazi ya kwanza ikageuka kuwa kazi ya maisha. Januari 2025 mpango wa kuwapokea wakimbizi ulisitishwa, na mashirika mengi yaliyokuwa yakiwahudumia wageni yakapunguza watumishi. Hata hivyo vituo vya ajira vya umma, vinavyoendeshwa chini ya sheria ya 2014, vinamhudumia mkazi mwenye ruhusa ya kufanya kazi, naye aliyekaa ghalani miaka kumi ana haki ya kuingia sawasawa na aliyefika juzi.

Mafunzo yenyewe si lazima yawe marefu. Msaidizi wa muuguzi hudaiwa na sheria ya shirikisho mafunzo yasiyopungua saa 75, ingawa baadhi ya majimbo huzidisha. Mkalimani wa hospitali hutakiwa awe amesoma saa 40 kabla ya kuukaribia mtihani wa taifa, na mwenye Kiswahili, Kirundi na Kiingereza safi ana mtaji ambao wengi hawana. Mwendesha foklifti hufunzwa na kupimwa chini ya dhamana ya mwajiri wake, kisha hupimwa tena kila miaka 3. Fauka ya hayo, kabla ya kulipa senti moja kwa shule yoyote, mtu aulize mambo matatu: kama cheti chake kinakubaliwa na jimbo, kama kituo cha umma kinaweza kumlipia, na wangapi waliohitimu kabla yake wamepata kazi ile waliyoisomea.

Huku kwetu

Burundi ina vituo vya kufundishia ufundi na ina ofisi ya taifa ya ajira na nguvukazi, OBEM. Na miaka ya karibuni serikali imeanzisha benki ya uwekezaji ya vijana na mpango wa kuwainua vijana kiuchumi, ambavyo majina yake yenyewe yatuambia nani aliyekusudiwa. Mtu wa miaka 45 aliyerudi kutoka makazi ya Tanzania, aliyesoma kwa Kiswahili na Kiingereza ilhali makaratasi ya ofisi ni ya Kifaransa, hujiona amesimama nje ya mlango. Naye ndiye mwenye haja kubwa, kwa sababu riziki ya ziwani haina uthabiti iliokuwa nao zamani: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na mwaka uohuo maji ya ziwa yalipanda yakazifikia nyumba za watu Rumonge. Mwenye hirimu hiyo anahitaji kazi ya pili, na kazi ya pili huwa nyepesi kujifunza ikiota juu ya ile ya kwanza, kama nahodha akawa fundi wa mashine za maji, au mkaushaji wa ndagala akajifunza kufungasha na kuhifadhi chakula.

Tanzania imetangulia hatua katika jambo hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wetu wa 1972 waliingia katika nchi ambamo mtu mwenye mvi kushika kalamu hakukuwa kichekesho. Leo VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kumpima mwashi, seremala, mpishi au makanika aliyejifunza kazi mtaani kwa fundi, na kumpa cheti kwa ujuzi wake. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, katika ibara yake ya 11 yazitaka nchi wanachama kutambuliana vyeti vya elimu na vya taaluma. Kwa hiyo ndugu aliye Mishamo na apimwe akiwa huko, na arudiye nyumbani asiache cheti chake nyuma kwa kudhani kwamba Burundi hakina kazi.

Wajibu wa jumuiya

Yako mambo ambayo serikali haiwezi kutufanyia. Hapana ofisi ya Brussels wala ya Marekani ijuayo nahodha wa Kigwena hufanya nini; twajua sisi. Kila chama chetu kwanza kiwe na daftari la ujuzi, lililoandikwa kwa maswali ya namna ile tuliyoyaona hapo juu, likiwa na majina ya kazi kwa Kiswahili na kwa lugha ya nchi tukaayo. Pili, wapatikane mashahidi: aliyefanya kazi na mtu ziwani au katika kukamua mawese aandike barua fupi yenye miaka, mahali na aina ya kazi, nayo ifasiriwe. Tatu, vijana wetu waliosoma huku wakae na wazee kuwazoeza mahojiano, kwa adabu ya mtoto mbele ya mzazi, bila kuwasahihisha hadharani.

Jambo hili la tatu ni gumu kuliko linavyoonekana. Tumelelewa kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na mzee wa mwambao huona haya kujitaja mema mbele ya mgeni. Hivyo hukaa kimya katika kiti ambacho kimya huhesabiwa ujinga. Aelezwe kwamba mbele ya mshauri anatoa ushahidi, na mwenye kuficha ushahidi wa haki hajifichi yeye pekee, huwanyima na watoto wake.

Aendaye kwenye kikao cha kwanza achukue kitambulisho na kibali cha kazi, vyeti vyote hata vya madrasa na vya kambini, barua za mashahidi, na ukurasa wake kutoka daftari la chama; na akiona mshauri amefunga faili kwa neno «mvuvi», aombe kikao cha pili, kwani ni haki yake kuomba. Kazi iliyobaki kwa chama haingoji ruzuku ya serikali yoyote: yataka daftari, mtu mmoja mwenye subira ya kusikiliza, na Jumapili moja au mbili za kila mwezi.