Treni ya Kabatini na Treni ya Bustanini

Ukikabidhiwa kichwa cha treni cha mfano chenye urefu wa mkono mzima, kipindue kabla hujaanza kusifu rangi yake. Magurudumu yatakueleza kiliundwa kwa kazi gani. Kile cha kuendeshwa kina ukingo wa gurudumu mnene, uliozidi kipimo chake, ili kisiruke reli kikikuta changarawe au kona kali. Kile cha kutazamwa ukingo wake ni mwembamba, umelingana na wa treni halisi, na kiungio kidogo cha reli kilichokaa upande kinatosha kukiangusha.

Kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilipoanzisha treni za LGB mwaka 1968, ilichagua upande wake waziwazi. Plastiki yake ilistahimili jua na mvua, reli zilikuwa za shaba, na kona ziliweza kubanwa hadi sentimita 60 kutoka katikati ya duara. Ili mabehewa yapite kona hizo, mengi yalifupishwa. Wapenda usahihi hulalamikia jambo hilo hadi leo. Mimi naliona ni uamuzi wa busara: treni ya bustanini kazi yake ni kwenda. Kipimo chake ni 1 kwa 22.5, na reli zake zenye upana wa milimita 45 zinawakilisha reli ya mita moja, kama ile ya zamani inayotoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda bara.

Reli hizohizo za milimita 45 hubeba pia modeli za kipimo cha 1 kwa 32, na hapa ndipo kabati linapoanza kuonekana. Big Boy, kichwa kikubwa cha mvuke cha Union Pacific ya Marekani, katika kipimo hicho kinazidi mita 1.2. Kikiundwa kwa shaba, kila bomba na kila ribiti mahali pake, kinahitaji kona pana ya mita kadhaa. Wenye uwanja wa namna hiyo ni wachache, kwa hiyo vinaundwa vichache, na uchache huo pamoja na kazi ya mikono ndivyo vinavyopandisha thamani.

Lakini uchache mwingine haukupangwa na mtu. Mwaka 1957 Lionel ya Marekani, katika geji ya O, yaani reli zenye upana mdogo kuliko hizi za milimita 45, ilitoa treni ya wasichana yenye kichwa cha rangi ya waridi. Haikupata wanunuzi wengi. Leo inatafutwa sana kwa sababu ni chache zilizotoka dukani, na wapo wanaopaka rangi vichwa vya kawaida ili kuwalaghai wanunuzi. Ndiyo maana mkusanyaji hudai rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka, na boksi lake la asili. Rangi mpya inayong'aa humpunguzia imani.

Matumizi huacha alama. Nikeli ya magurudumu ikilika hadi shaba ikaonekana, mkusanyaji hurudi nyuma, ilhali mwendeshaji huuliza tu kama vipuri vinapatikana. Kwa vichwa vya mvuke halisi, kama vya Aster ya Japani, swali la kwanza la mnunuzi ni kama kimewahi kuwashwa moto. Kisichowahi kuwashwa huwa ghali zaidi. Inaniuma kuona mashine iliyoundwa ichemshe maji ikikaa baridi tangu siku ilipozaliwa.

Tena boksi halilindi kila kitu. Sehemu nyingi za zinki za kabla ya Vita Kuu ya Pili zilichanganyika na risasi kidogo. Huvimba, hupasuka na kumeguka zenyewe kabatini, na dawa hakuna. Grisi nayo huganda kwenye gia.

Kwa hiyo ukirithi Stainz, kile kichwa kidogo cha LGB cha magurudumu manne kilichotengenezwa kwa wingi mno, usikifungie ukisubiri bei ipande. Fungua gia, futa grisi ya zamani, paka mpya kidogo, safisha magurudumu, kisha kijaribu kwa umeme mdogo kikiwa kimeinuliwa. Kikizunguka bila kukwaruza, kiweke relini.